Kadi Namba 212

Dakta Nirupama hakunipa kazi siku ya kwanza.
Alinipa glavu, akanambia nioshe mikono hata hivyo.
Ghorofa ya tatu, Ganjoni, madirisha nusu wazi,
chumvi ikila bawaba,
na yeye akipigana nayo kwa karafuu, kwa kafuri,
kwa shuka za hospitali alizonunua mnadani.

Makabatini mlikuwa na Bengali nzima, imekunjwa.
Kantha, alisema. Sema tena. Kantha.
Sari ikichakaa haitupwi:
hulazwa juu ya mwenziwe, na mwenziwe juu ya nyingine,
kisha uzi huchomolewa pindoni mwa sari hiyo hiyo,
nguo ikajishona kwa ubavu wake.
Samaki, tembo, yungiyungi, gari la moshi lenye macho.
Walioshona hawakuandika majina.
"Mahari ndiyo iliyoandikwa," alisema, akafunga kabati.

Babake alikuwa karani wa reli, Makupa.
Yeye kazaliwa hapa; Bengali aliifikia ana miaka ishirini na sita,
akarudi na masanduku manne na kikohozi.
Tangu hapo, kadi. Kila kipande na kadi yake,
mwandiko mdogo kama sisimizi wanaohama.
Kimetoka wapi. Kwa nani. Kwa bei gani.
Mshonaji: hajulikani.
Mshonaji: hajulikani.
Nami niliyanakili maneno hayo mara mia mbili na kumi na moja,
hata kalamu ikawa inakwenda yenyewe.

Ya mia mbili na kumi na mbili haikutoka ng'ambo.
Tuliikuta Mwembe Tayari, imefunika gunia la makaa.
Mwenye makaa akacheka: "Mama, tambara hili?"
Dakta hakupatana bei; alikuwa akitetemeka.
Alimwachia noti, na siku ya pili blanketi jipya,
na ile nguo tukaipandisha ngazi
kama tupandishavyo mgonjwa.

Tukaitandaza. Samaki, ndiyo. Yungiyungi, ndiyo.
Lakini penye tundu, chini ya sari ya pili,
palichungulia leso.
Leso yetu, nyekundu na nyeusi, na herufi zake:
HATA UKINI
basi. Zilizobaki zilikuwa chini ya mishono.
Nikashika wembe. "Mitano tu, Dakta. Tujue."
Akanipiga kofi la mkono,
kama mtoto aliyechovya kidole mchuzini.
"Aliyefunika alifunika."

Usiku ule sikulala kwa ajili ya *ukini*.
Hata ukininunia? Ukinisengenya?
Ukiniacha na watoto watatu, Makupa, nyumba za reli?

Jumanne nikamleta mamangu, Bi Mwatime,
mshona kofia wa Kuze, asiyejua kusoma kadi.
Hakuuliza Bengali iko wapi.
Alifumba macho, akapitisha kidole gumba upande wa nyuma,
kule ambako mishono haina haya.
Akarudia. Akaigeuza.
"Huyu alikuwa mshoto," alisema.
"Uzi wake walala huku. Wetu hulala kule.
Na hapa alikuwa na haraka, au mtoto alilia."
Kisha akaomba maji ya kunywa.

Dakta Nirupama aliketi juu ya sanduku.
Miaka arubaini na moja akipanga nguo hizi uso juu,
uso juu, zikimtazama,
na hakuna hata moja iliyomwambia kitu kama hicho.
Alinyoosha mkono, nikampa kadi.
Siku hiyo aliandika mwenyewe.
Kesho yake tukaanza upya, kutoka namba moja,
zote kifudifudi, mama katikati na chai yake ya tangawizi.
Alikufa tumefika sitini na nane.

Karafuu sasa nanunua mimi.
Kadi ile imebaki na mwandiko wake wa sisimizi:
*Mwembe Tayari, kwa mwuza makaa.*
*Sari tatu, leso moja. Maneno ya leso: hayajasomwa.*
*Mshonaji: mshoto.*

Wembe ninao. Uko kwenye mtoto wa meza, unashika kutu.